Kiwanda Kikihama, Mfanyakazi Anabaki na Nini?

Noti za shilingi 1,000 zenye mwaka 2024 na sahihi ya Gavana wa Benki Kuu, Dkt. Kamau Thugge, zimeshazoeleka katika soko la Kimana. Mnunuzi wa nyanya anazihesabu, mkulima anazikunja mfukoni, na kufikia jioni ziko dukani. Kwa miaka mingi pesa za Kenya zilichapishwa Ruaraka, Nairobi, katika kiwanda cha De La Rue, kampuni ya Uingereza ambayo serikali ya Kenya ilichukua asilimia 40 ya hisa katika tawi lake la hapa nchini. Januari 2023 kampuni hiyo ilitangaza kusitisha shughuli zake za Kenya, ikisema haitarajii oda mpya za noti kwa angalau miezi 12. Wafanyakazi wapatao 300 walipoteza kazi. Mwaka 2024 Benki Kuu iliipa kazi hiyo kampuni ya Giesecke+Devrient ya Ujerumani.

Kazi ikihama hivi, habari husimuliwa kwa majina makubwa: kampuni, serikali, soko la dunia. Mtu aliyekuwa akiendesha mtambo hasikiki hadi siku anayoitwa ofisini na kupewa karatasi atie sahihi. Makala haya yanaeleza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini viwanda huondoka. La pili, ambalo limepewa nafasi kubwa zaidi, ni kile ambacho sheria ya Kenya inampa mfanyakazi kati ya siku kiwanda kinapotangaza kufunga na siku lango linapofungwa. Mkazi wa Kajiado hana uwezo mkubwa juu ya lile la kwanza. Juu ya la pili anao, akijua mapema.

Kitengela, Kimana na mashine za Athi River

Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, la Athi River liko katika Kaunti ya Machakos. Wengi wanaofanya kazi humo hulala Kitengela, upande wa Kajiado. Mji huo ulipanuka kwa kasi baada ya sheria ya EPZ kupitishwa mwaka 1990, na vyumba vyake vingi vya kupanga vilijengwa kwa kukadiria mshahara wa mshonaji na wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji. Mwenye nyumba, mama mboga, mwenye bodaboda na muuza chai wa alfajiri wote hula kupitia mashine zile zile.

Kimana iko mbali na moshi huo. Ni mji wa mifugo na kilimo cha umwagiliaji, nyanya na vitunguu vikipakiwa malori ya Nairobi na Mombasa. Lakini vijana wake, pamoja na wa Namelok, Rombo na Loitokitok, hupita Emali na kushika barabara ya Mombasa kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Pesa wanazotuma kwa simu ndizo karo, ndizo mbegu, ndizo dawa za ng'ombe. Kiwanda kikifungwa Athi River, mwezi unaofuata yuko mzee Kimana anayeshangaa kwa nini simu imenyamaza.

Waliokwisha kuondoka

Mwaka 2014 unakumbukwa na watu wa viwanda. Mwaka huo Eveready East Africa ilifunga kiwanda chake cha Nakuru, kilichokuwa kikitengeneza mawe ya redio na tochi tangu miaka ya 1960, ikaanza kuuza betri zinazotoka Misri. Mwaka huo huo Cadbury, iliyokuwa chini ya Mondelez ya Marekani, ilifunga utengenezaji wake wa Nairobi, na takriban watu 300 wakapoteza kazi. Bidhaa zake nazo zikaanza kuletwa kutoka Misri na kwingineko. Mwaka 2016 Sameer Africa, ambayo zamani iliitwa Firestone East Africa, ilifunga kiwanda cha matairi cha Nairobi, na matairi yenye jina la Yana yakaanza kutengenezwa Asia.

Misri imetajwa mara mbili, na sababu yake inafaa kueleweka. Kenya na Misri zote mbili zimo katika eneo huru la biashara la COMESA lililoanzishwa Oktoba 2000. Bidhaa iliyotengenezwa Misri na kutimiza masharti ya asili yake huingia Mombasa bila ushuru wa forodha. Misri ina soko kubwa la ndani na gesi yake yenyewe. Kampuni yenye viwanda viwili, kimoja Nairobi na kingine Cairo, inapopiga hesabu ya umeme na ya ukubwa wa mitambo, hujiuliza kwa nini iwe na viwili. Mkataba ule ule unaomfungulia mwenye kiwanda wa Kenya milango ya nchi jirani humfungulia pia wa Misri mlango wa Kenya. Wanaolaumu mkataba huo husahau upande mmoja, na wanaousifu husahau upande wa pili.

Si kila kilichotokea kilikuwa kuhama tu. Betri za bei ya chini kutoka Asia zilijaa madukani, na wakati huo huo watu waliacha kununua mawe. Simu ikawa na tochi ndani yake, na taa ya sola ikafika manyatta. Hata kama kiwanda cha Nakuru kingebaki, kingekuwa kinagombea soko linalopungua.

Kajiado yenyewe ina mfano wake, nao unaonyesha jambo jingine. Kampuni ya magadi ya Magadi ilianzishwa 1911, na tangu katikati ya miaka ya 2000 inamilikiwa na Tata Chemicals ya India. Mwaka 2014 kampuni ilisimamisha mtambo wake wa kutengeneza magadi yaliyosafishwa zaidi, kwa sababu gharama ya nishati ilikuwa kubwa mno. Mwaka huo huo Tata Chemicals ilifunga pia kiwanda cha magadi cha Winnington huko Uingereza, ambako nishati nayo ilikuwa imepanda bei. Mfanyakazi wa Magadi na wa Winnington, wasiojuana, waliangukiwa na hesabu ya namna moja. Hata hivyo Magadi haikufungwa. Mtambo wa kawaida uliendelea, kwa maana ziwa halihamishwi. Magadi yapo pale, na anayeyataka sharti aje.

Cherehani haina ziwa. Hufunguliwa skrubu, hupakiwa kwenye kontena na kushuka katika bandari nyingine. Hiyo ndiyo tofauti inayomhusu mtu wa Kitengela.

Nguo za EPZ na tarehe za Washington

Kazi za ushonaji za Athi River zenyewe zilitoka kwingine. Mwaka 2003 Levi Strauss ilitangaza kufunga viwanda vyake vya mwisho vya kushona nchini Marekani, vilivyokuwa San Antonio, Texas. Miaka iliyofuata, suruali zenye jina la Levi's zilishonwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Kilio cha mama wa San Antonio kilikuwa ajira ya binti wa Kenya. Wamiliki wengi wa viwanda vya nguo vya EPZ ni wawekezaji wa Asia, na waliokuja kwa sababu ya hesabu wanaweza kuondoka kwa sababu ya hesabu.

Hesabu hiyo ina nguzo mbili. Ya kwanza ni unafuu wa kodi: kampuni ya EPZ hailipi kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata. Ya pili, iliyo kubwa zaidi kwa viwanda vya nguo, ni sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA, inayoruhusu nguo za Kenya kuingia Marekani bila ushuru, hata zikiwa zimeshonwa kwa kitambaa cha China au India. Bila sheria hiyo, nguo ya Athi River inashindana ana kwa ana na ya Bangladesh na Vietnam, nchi zenye bandari zilizo karibu na vitambaa na viwanda vikubwa kupita vya hapa.

Tumeona tayari nguzo ikitikisika. Tarehe 1 Januari 2005 mpango wa dunia uliokuwa ukiwekea China na nchi nyingine mipaka ya kuuza nguo ulifika mwisho. Katika kipindi hicho baadhi ya viwanda vya nguo vya EPZ nchini Kenya vilifungwa na maelfu ya kazi yakapotea. Mwaka 2015 AGOA ilirefushwa hadi tarehe 30 Septemba 2025. Siku hiyo ilifika na kupita bila Bunge la Marekani kuwa limeirefusha tena. Hata inaporefushwa, hurefushwa kwa muda, na muda ukikaribia kwisha wanunuzi hupunguza oda miezi kadhaa kabla, kwa kuwa nguo za msimu ujao huagizwa mapema. Mwaka 2024 kampuni za Kenya zilizouza chini ya mpango huo ziliajiri watu wapatao 66,000. Hiyo ndiyo idadi ya watu ambao mshahara wao hutegemea kura inayopigwa Washington.

Dalili huonekana sakafuni kabla ya tangazo. Saa za ziada zinakatwa. Laini moja ya ushonaji inafungwa na mashine zake kufunikwa. Mikataba ya miezi inaisha na haitolewi mingine. Uvumi nao una tabia ya kukuza mambo, kwa hiyo haifai mtu aache kazi kwa sababu ya uvumi. Akiacha kwa hiari yake, anapoteza mengi ya yale yanayoelezwa hapa chini.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inahusu mfanyakazi anayepoteza kazi bila kosa lake kwa sababu kazi yenyewe haihitajiki tena. Kufungwa kwa kiwanda au kuhamishiwa kwa shughuli zake nchi nyingine ni hali ya namna hiyo. Mwajiri ana haki ya kupunguza watu. Hana haki ya kufanya hivyo kwa usiku mmoja.

Kwanza kuna taarifa. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri lazima akijulishe chama hicho pamoja na afisa wa leba wa eneo hilo, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji, angalau mwezi mmoja kabla. Ikiwa si mwanachama, mwajiri humjulisha mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi, pamoja na afisa wa leba. Sheria haikutaja muda kwa huyu wa pili, na waajiri wengine waliona hapo pana mwanya. Mahakama ya Rufaa iliuziba mwaka 2013, katika kesi iliyoihusu, kwa sadfa, kampuni ile ile ya kuchapisha noti, Thomas De La Rue. Majaji walisema muda ni ule ule, mwezi mmoja, awe mwanachama au asiwe.

Mwezi huo si wa kungoja tu. Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga, iliyotokana na watu 447 walioachishwa kazi 2012, Mahakama ya Rufaa iliangalia maana ya taarifa hiyo. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kuwa taarifa hutolewa ili pande zote zizungumze: je, upunguzaji unaweza kuepukwa, au idadi ipungue, au machungu yapunguzwe? Kampuni inayotoa taarifa asubuhi na barua za kuachishwa mchana haijatoa nafasi hiyo.

Pili, kama si wote wanaoondoka, uchaguzi wa nani abaki una vigezo: muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja. Kumwondoa mtu kwa sababu ni mjamzito, ni kiongozi wa chama au hakusalimiana na msimamizi si kigezo.

Tatu ni malipo, na hapo ndipo mahesabu hupindwa.

Hesabu ya mwisho

Chukulia mshonaji wa mfano anayepata shilingi 18,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 6 na miezi 8, mwenye siku 10 za likizo ambazo hakuzitumia, na ambaye siku yake ya mwisho ni tarehe 12 ya mwezi. Mshahara wake ukigawanywa kwa siku 30, siku moja ni shilingi 600.

Sheria inataka alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioukamilisha. Siku 15 ni shilingi 9,000. Miaka iliyokamilika ni 6, ile miezi 8 haihesabiwi katika kiwango cha chini cha sheria, kwa hiyo anapata 54,000. Kisha kuna notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala ya notisi, 18,000. Mwezi huu haupaswi kuchanganywa na ule mwezi wa taarifa kwa chama na afisa wa leba. Mahakama zimekuwa zikivitofautisha viwili hivyo. Likizo ya siku 10 ni 6,000. Siku 12 alizofanya kazi ni 7,200. Jumla ni shilingi 85,200, kabla ya makato.

Makubaliano ya chama, ambayo wengi huyaita CBA, yanaweza kutoa zaidi ya siku 15 kwa mwaka. Hayawezi kutoa pungufu. Pia yanaweza kusema mshahara wa siku upatikane kwa kugawanya kwa siku 26 za kazi badala ya 30. Kwa mshonaji wetu, tofauti hiyo peke yake inaongeza zaidi ya shilingi 8,000 katika malipo ya miaka 6. Ni karo ya muhula kwa shule nyingi za kutwa, na mara nyingi hupotea kwa sababu hakuna aliyeuliza kampuni imegawanya kwa ngapi.

Wapo waliofanya kazi kama vibarua kwa miaka. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi 3, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anastahili taarifa na malipo kama wengine, hata kama kadi yake ya lango bado imeandikwa kibarua. Ushahidi wake ni jumbe za malipo katika simu, na jumbe hizo hufutika simu ikiharibika. Afadhali ziandikwe au zichapishwe mapema, zihifadhiwe pamoja na stakabadhi za mshahara.

Mkataba wa muda maalumu ni jambo tofauti, na hapa wengi wa EPZ huvunjika moyo. Mkataba wa miezi 12 ukifika mwisho wake na kampuni isitoe mwingine, kwa kawaida hiyo haihesabiwi kuwa kupunguzwa kazini, na malipo ya siku 15 kwa mwaka hayadaiwi kwa kifungu cha 40. Lakini kampuni ikifunga mwezi wa 7 wa mkataba wa miezi 12, hapo mkataba haujaisha, umekatizwa. Mfanyakazi asipokuwa na nakala ya mkataba wake hawezi kujua yuko upande gani.

Karatasi ya kukiri malipo

Siku ya kulipwa huja na karatasi. Huandikwa kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote na hana dai lingine lolote. Foleni ni ndefu, karani ana haraka, na hundi iko mezani.

Mahakama ya Rufaa imeizungumzia karatasi hii zaidi ya mara moja. Katika kesi ile ya 2013 ilisema karatasi ya namna hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wa kisheria, wala haizuii mahakama kuchunguza kama mtu aliachishwa kwa haki. Lakini mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyo hiyo ilimfunga mfanyakazi kwa makubaliano aliyoyatia sahihi, kwa kuwa aliyaelewa na hakulazimishwa. Ukizisoma pamoja, hukumu hizo mbili zinampa mfanyakazi jibu lisilo rahisi: sahihi yake inaweza kumfunga, kutegemea alijua nini alipoiweka.

Kwa hiyo ni busara kuomba karatasi ya hesabu kwanza, yenye kila kipengele peke yake, na nakala ya kwenda nayo nyumbani. Anayeona hesabu haijakamilika anaweza kuandika kwa mkono, juu ya sahihi yake, kwamba amepokea kiasi kilichotajwa lakini hakubaliani na jumla. Karani anaweza kukataa. Kukataa kwake nako ni jambo la kuambia chama au afisa wa leba siku hiyo hiyo.

Kuna karatasi nyingine ambayo haihitaji kubembeleza: cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akitoe, kikionyesha tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Mwajiri halazimiki kuandika sifa nzuri, ila cheti chenyewe hawezi kukizuia.

Kampuni ikifilisika

Kifungu cha 40 kina mlango wa nyuma ambao wengi hawaujui. Hakitumiki pale kazi inapoisha kwa sababu kampuni imefilisika. ARM Cement, iliyokuwa na kiwanda Athi River, iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018, na mali yake ya Kenya baadaye ikanunuliwa na National Cement. Katika hali kama hiyo, Sheria ya Ufilisi ya 2015 huweka madai ya mishahara ya wafanyakazi katika kundi la kulipwa mapema, hadi kiwango kilichowekwa, kabla ya wadai wa kawaida kama waliouza bidhaa kwa mkopo. Lakini wenye dhamana juu ya majengo na mitambo, hasa benki, nao wana nafasi yao, na aliyechelewa kuwasilisha dai kwa msimamizi anaweza kupitwa. Tangazo la wasimamizi hutolewa magazetini na katika Gazeti Rasmi la serikali, sehemu ambazo mshonaji hapiti kila siku. Chama kina wajibu wa kufuatilia.

Pesa zikifika Kimana

Mikopo huja kwanza. Mwenye mkopo wa sacco aliodhaminiwa na wenzake anawaacha wadhamini matatani ikiwa wote wamepunguzwa siku moja, na hilo hutokea, kwa kuwa mdhamini wa mshonaji ni mshonaji wa mashine ya pili. Kuiarifu sacco kabla ya mshahara wa mwisho huwezesha mkopo kupangwa upya. Mchango wa afya wa SHA nao haukatwi tena na mwajiri. Mwanachama huhamia utaratibu wa wasio na mshahara, hupimwa uwezo na kupangiwa mchango wa mwaka. Anayesahau hugundua siku mtoto anapolazwa.

Kinachobaki, kwa anayerudi nyumbani, mara nyingi huenda shambani. Kukodi ekari ya umwagiliaji Kimana, kununua mbegu, mbolea na mafuta ya pampu kunaweza kumaliza shilingi 85,200 kabla ya nyanya ya kwanza kuiva. Kisha kuna nondo wa nyanya, Tuta absoluta, ambaye wakulima wa Kenya wamekuwa wakipambana naye tangu mwaka 2014 hivi, na ndovu wa Amboseli wasiojua mpaka wa shamba. Bei ya kreti hupanda na kushuka kufuatana na mvua na mzigo unaovuka kutoka Tanzania. Wenyeji wa kilimo hicho hulima kipande kidogo msimu wa kwanza, au huingia na jirani aliyekwisha kuuza misimu kadhaa, wakiacha sehemu ya pesa isiguswe. Mshonaji aliyekaa mjini miaka 6 amesahau mengi, na soko la Kimana halimsubiri akumbuke.

Serikali ya kaunti haiwezi kuamuru kiwanda kibaki, na masuala ya leba, kwa Katiba ya 2010, ni ya serikali ya kitaifa. Yaliyo chini ya kaunti ni masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Hayo yanamfaa mtu baada ya kazi kuisha, si kabla.

Malalamiko yaanzie wapi

Hapa wakazi wa Kitengela hupoteza siku nyingi bure. Afisa wa leba anayehusika ni wa eneo ambalo kazi ilifanyika, si ambalo mtu analala. Aliyefanya kazi EPZ ya Athi River huenda ofisi ya leba ya upande wa Machakos, hata kama nyumba yake iko mita chache ndani ya Kajiado. Aliyefanya kazi katika kiwanda kilichoko Kitengela, Kajiado au Magadi huenda kwa afisa wa Kajiado. Aliyekwisha kurudi Kimana afadhali apige safari moja yenye karatasi zote kuliko tatu zenye nusu: mkataba, stakabadhi za mshahara, barua ya kuachishwa, karatasi ya hesabu, kadi ya chama ikiwa anayo. Kumwona afisa wa leba hakulipiwi.

Mzozo usipotatuliwa huko, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kusikiliza kesi, na ikiona mtu aliachishwa isivyo haki inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Tangu 2018 mahakimu walioidhinishwa pia husikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao wa mwezi hauzidi shilingi 80,000, jambo linalowaondolea wengi safari ya Nairobi. Masijala ya mahakama iliyo karibu itaeleza kama ina hakimu wa aina hiyo. Kesi lazima iwasilishwe ndani ya miaka 3. Muda huo huhesabiwa tangu siku ya kuachishwa kazi, na kuendelea kuzungumza na kampuni hakuusimamishi.